Dirisha Namba Tatu Lisifungwe

Kwa miaka kumi na mmoja, mtu anayeitwa Dirisha amefanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mkataba huisha Desemba na huandikwa upya katikati ya Januari. Wiki mbili za katikati yeye kisheria si mfanyakazi wa mtu yeyote, ingawa huja kazini kama kawaida, kwa sababu mashine hazina habari kwamba mkataba umeisha.

Mwaka huu aliambiwa jambo jipya. Mkurugenzi kutoka makao makuu angekuja Alhamisi kuukagua mfumo wa kompyuta alioutengeneza Dirisha. Ukimridhisha, Dirisha angethibitishwa kazini, ajira ya kudumu. Usipomridhisha, ungeletwa mfumo wa makao makuu, ambao hauhitaji fundi wa kukaa nao chumba kimoja, na Dirisha angeshukuriwa kwa barua.

Ofisi yenyewe ni masjala ya vizazi na vifo. Ina ukumbi mmoja wenye mabenchi, na ukutani madirisha manne ya huduma, kila moja na kibao cha mbao kinachoteremshwa huduma inapokwisha. Mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vibovu, ndipo alipo yeye, na meza, na mashine mbili, moja ya kuandikia programu na nyingine ya kuiharibu ili aone inavyoharibika.

Jina la Dirisha alipewa na wenzake na hakulikataa. Alisoma chuo miaka miwili, akajifunza kutengeneza programu za mezani, zile zinazokaa ndani ya mashine na kufunguka katika dirisha lake. Wenzake wa darasani walihamia kwenye simu na tovuti. Yeye alibaki. Dirisha la programu, kwa maoni yake, ni sebule, na mgeni hapangi viti vya sebule ya watu.

Kwa hiyo dirisha lake hufunguka katikati ya skrini na hapo hapo hukaa. Haliburutwi. Kingo zake hazivutwi kulikuza wala kulipunguza. Halifichwi chini, kwa sababu mwaka wa pili alimkuta karani wa namba moja amelificha akicheza karata. Hukaa juu ya kila kitu kingine, na kishale hakitoki kisanduku cha kwanza kwenda cha pili mpaka cha kwanza kijazwe, na kikishajazwa hakirudiwi. Kila sheria ndani ya programu ile ilizaliwa na kosa la mtu, na Dirisha anaweza kukutajia kosa, mtu na tarehe.

Zamani palikuwa na kitufe cha Ghairi. Kilidumu miezi minane.

“Ukimpa mtu Ghairi,” alieleza siku alipokiondoa, “ataghairi.”

Kikabaki kitufe kimoja, Hifadhi, na ile alama ya iksi kwenye kona ya juu. Iksi hakuiweka yeye. Huja na kila dirisha, kama kitovu.

Aliyeumia zaidi na kuondoka kwa Ghairi ni karani wa dirisha namba tatu, panapoandikishwa watoto waliozaliwa. Ni mama wa makamo aliyekaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na miwili, na huitwa Mama Mihuri kwa jinsi anavyoipanga mihuri yake mezani, kwa urefu, kama watoto wa shule asubuhi.

“Mwanangu, nirudishie kitufe changu,” alimwambia mara nyingi.

“Kipi, mama?”

“Kile cha kusema basi, nimeghairi.”

“Mama, ukishaanza unamaliza. Waulize kwanza, ukiridhika ndiyo uandike.”

“Wewe hujawahi kuwaona watu wawili wakimpa mtoto jina.”

Dirisha ana watoto wawili, lakini majina yao yalitolewa yeye akiwa kazini.

Mama Mihuri hakubishana zaidi. Aligundua kwamba ukibonyeza iksi kabla ya kuhifadhi, dirisha hufungwa na yote uliyoandika hupotea bila mtu kujua. Akalifungua tena na kuanza upya. Aliona amepata dawa. Hakujua kwamba programu inahesabu. Jioni Dirisha alisoma orodha: dirisha namba tatu, limefungwa mara arobaini na moja. Alimweleza mkewe idadi hiyo kwa sauti ya mtu anayehesabu makofi aliyopigwa.

Madirisha ya programu aliyapa namba zile zile za ukutani. Namba moja nakala, namba mbili vifo, namba tatu vizazi, namba nne marekebisho. Aliona ni utaratibu mzuri, mtu asichanganyikiwe.

Siku ya Jumanne, siku mbili kabla ya ukaguzi, ukatoka waraka wa Mkuu wa ofisi, mstari mmoja: *Kuanzia Alhamisi, dirisha namba tatu lisifungwe kabla ya saa tisa alasiri.* Chini yake palikuwa na orodha ya walionakiliwa. Mkuu hunakili kila waraka kwa kila mtu, mpaka mlinzi na mfagizi, ili baadaye asiwepo wa kusema hakuambiwa. Dirisha aliliona jina la cheo chake katika orodha, akausoma mstari ule mara tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akahisi ofisi imemwelewa.

Mkewe ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Alikuwa mezani na rundo la insha na kalamu nyekundu mumewe alipoingia na waraka.

“Soma,” alisema Dirisha. “Hatimaye.”

Mwalimu alisoma. “Dirisha gani?”

“Namba tatu.”

“Namba nimeiona, baba watoto. Nauliza dirisha gani. La mbao au la kwenye mashine?”

“Wangetaka la mbao wangemwandikia seremala. Wameniandikia mimi.”

“Hukuandikiwa, umenakiliwa. Na mlinzi kanakiliwa. Yeye afanye nini, alilinde na rungu?”

“Kila mtu kwa nafasi yake.”

“Mwanafunzi angeniletea sentensi hii, ningempigia mstari.”

“Ndiyo maana hawakukuajiri wewe.”

“Si ukamuulize Mkuu? Kwani utavunjika mguu?”

“Alhamisi nathibitishwa au sithibitishwi. Leo Jumanne niende nikamwulize mkubwa wangu dirisha ni nini? Mimi?”

Mwalimu alichukua insha iliyofuata. Katika ndoa yao hiyo ndiyo ishara kwamba maneno yamekwisha na ushindi ni wake.

Jumatano Dirisha aliingia kazini mapema. Ni kazi ndogo kuieleza. Kila dirisha la programu, kabla halijafungwa, huuliza kwanza. Ni muda usioonekana kwa jicho, ambapo programu inapewa nafasi ya kusema hapana. Mafundi wengi huitumia nafasi hiyo kumkumbusha mtu ahifadhi kazi yake. Dirisha aliitumia kutazama saa. Ikiwa haijafika saa tisa, jibu ni hapana.

Lakini iksi inayobonyezwa na haifanyi kitu aliona ni utovu wa adabu, kwa hiyo akaifanya ififie, iwe ya kijivu. Aliwahi kufikiria kuificha kabisa. Akaamua kwamba kitufe kilichofichwa ni uongo, kilichofifia ni heshima: kinakuambia kipo, ila si chako. Kisha akaiziba njia ya mkato ya vidole viwili kwenye kibodi, kisha ile ya kupitia kwenye menyu. Njia ya kuzima mashine ilishazibwa zamani. Tangu umeme ulipokuwa ukikatika ovyo, programu ile hujitunzia kila neno, na mashine ikiwaka yenyewe ndiyo ya kwanza kuamka, inarudi pale pale ilipokuwa.

Nusu ya siku iliyobaki ilikwenda kwenye ujumbe. “Huwezi kufunga” aliuona una ukali. “Haifungiki” ulisikika kama ubovu. Alipotulia aliandika: *Dirisha hili halifungwi kabla ya saa tisa alasiri. Tunashukuru kwa subira yako.* Chini akaweka kitufe kimoja, Sawa. Asiyeona kwamba ni sawa hakuwekewa kitu.

Aliiweka kwenye mashine ya namba tatu jioni, Mama Mihuri akiwa ameshaondoka. Hakumwachia taarifa. Uzoefu wake ni kwamba watu wakiambiwa huuliza.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mkurugenzi alifika. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa amebakiza miezi saba astaafu na aliyekuwa ameshalisema hilo mara mbili kabla hajafika katikati ya ukumbi. Mkuu wa ofisi alitembea nusu hatua nyuma yake, na tai shingoni. Mabenchi yalijaa wazazi na vichanga. Kibao cha dirisha namba tatu kilikuwa juu, wazi kabisa, na Mkuu alikionyesha kwa mkono kama anayefungua maonyesho.

Mkurugenzi hakutazama kibao. Alizunguka, akaingia upande wa makarani, akasimama nyuma ya Mama Mihuri.

“Mama, hebu niandikishe mimi.”

“Wewe, baba? Hapa ni watoto.”

“Majaribio tu. Nataka nione mwananchi anachokiona.”

Mama Mihuri akaandika jina lake, la baba yake, la mama yake. Ikafika tarehe ya kuzaliwa. Kalenda ikafunguka, na ilikuwa na siku thelathini za nyuma basi.

“Mwaka wangu haumo,” alisema Mkurugenzi.

“Fundi kauondoa. Chagua, baba, una mwezi mzima wa kuzaliwa.”

“Haya, nizaliwe leo.”

“Uzito?”

“Themanini na mbili.”

Kisanduku kikageuka chekundu: *Uzito si sahihi. Tafadhali mpime mtoto tena.* Benchi la mbele likacheka. Dirisha, aliyesimama ukutani na mikono nyuma, naye akatabasamu. Ujumbe ule ni wake.

“Weka tatu na nusu,” alisema Mkurugenzi, akipangusa macho. “Mama aliniambia nilikuwa bonge. Safi sana. Fundi, hongera. Sasa mama, funga, watu wanasubiri.”

Wakati huo, na kwa muda wa kama sekunde nne, Dirisha alikuwa mwajiriwa wa kudumu.

Mama Mihuri aliupeleka mshale kwenye kona. Iksi ilikuwa ya kijivu. Akaibonyeza, akaibonyeza tena, kama anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Ujumbe ukatokea. Mkurugenzi aliusoma kwa sauti, mpaka kwenye shukrani za subira, akatazama saa yake.

“Ni saa nne na dakika kumi.”

“Ndiyo, baba.”

“Bonyeza hiyo Sawa.”

Akabonyeza. Ujumbe ukaondoka. Dirisha likabaki.

“Sasa kuna nini?”

“Sasa kuna Hifadhi.”

“Nikihifadhiwa?”

“Unakuwa umezaliwa leo. Kisheria kabisa. Kukufuta ni mahakamani, kwa kiapo cha wazazi wote wawili.”

“Wazazi wangu wameshafariki, mama.”

“Hao ni dirisha namba mbili.”

Mkuu wa ofisi alimwambia azime mashine. Mama Mihuri akainama, akachomoa waya ukutani, akauchomeka tena. Wote wakangoja. Skrini ikawaka, na kabla ya kitu kingine chochote likaja dirisha, katikati, na maneno ya makaribisho: *Karibu tena. Tumekutunzia kazi yako.* Mkurugenzi alikuwemo ndani, kilo tatu na nusu.

“Fundi,” alisema Mkurugenzi taratibu, “wewe si ndiye mwenye hii kitu? Ibadilishe.”

“Naweza, mkurugenzi. Dakika kumi tu.”

“Ibadilishe.”

“Ila,” alisema Dirisha, “ili ibadilishwe, lazima kwanza ifungwe.”

Fundi mwingine angepata pa kupenya. Yeye alijua pa kupenya pote, na ndiyo maana hapakuwepo: alikuwa amepaziba pamoja baada ya pengine, mwaka hadi mwaka, na kila mara alikwenda nyumbani amefurahi.

“Nani aliagiza ujinga huu?” Mkurugenzi aliuliza.

Dirisha alitoa waraka mfukoni. Alikuwa ameukunja vizuri. Mkurugenzi alipousoma, Mkuu wa ofisi aliruka hadi ukutani na kukipiga kibao cha mbao kwa kiganja.

“Nilimaanisha dirisha! Hili hapa! Huyu mama anafunga saa saba, anakwenda kunywa chai, wananchi wananililia mimi!”

“Hata mimi ni dirisha nililolishughulikia,” alisema Dirisha, akionyesha skrini. “Hili hapa.”

Mkurugenzi aliusoma mstari ule mara ya pili, kisha ya tatu, kwa makini ya mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya nyaraka.

“Hausemi dirisha gani,” alihitimisha.

Mama Mihuri alikuwa ameshachoka nao. Aliinama chini ya meza akatoa daftari kubwa la zamani, la kurasa za mistari, akalifuta vumbi kwa kiwiko, akaita wa kwanza. Mkurugenzi alivuta kiti akaketi karibu na kibodi. Kuondoka hakuweza. Kuzaliwa kwake kulikuwa wazi mezani, na kiwiko cha mtu yeyote kingetosha kubonyeza Hifadhi. Mkuu wa ofisi akasimama pembeni. Dirisha akarudi ukutani kwake. Hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye hakuona pa kwenda.

Walikuja baba na mama na kichanga cha siku tisa.

“Andika jina la mama yangu,” alisema baba.

“Tulikubaliana la mama yangu mimi,” alisema mama.

“Tulikubaliana lini?”

“Nilipokuwa nasukuma. Ulisema chochote nitakacho.”

“Pale ningekubali hata aitwe Jumatano!”

Mama Mihuri alikata jina la kwanza kwa rula, mstari mmoja, akaandika la pili. Yule baba akanong’ona na mkewe, wakarudi kwenye la kwanza. Akakata tena.

“Kwenye mashine ungefanyaje?” Mkurugenzi aliuliza.

“Ningelifunga dirisha nikaanza upya, baba. Kutwa mara arobaini.”

“Fundi anajua?”

“Fundi ana hesabu yake. Muulize.”

Mkurugenzi hakumwuliza. Lakini Dirisha alikuwa amesogea, na kutoka pale aliposimama aliliona daftari. Akaanza kuhesabu mistari ya rula. Kufikia saa saba ilikuwa kumi na tisa. Kufikia saa nane, ishirini na sita. Hapo akaacha kuhesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa hiari katika jengo lile.

Saa tisa kasorobo foleni ilikwisha. Mkurugenzi alikuwa anakitazama kitufe cha Hifadhi, na alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Miezi saba,” alisema. “Mama, mtu akizaliwa leo anastaafu lini?”

“Sitini, baba. Kama kawaida.”

Mkurugenzi alirudisha kiti nyuma. “Hebu nisogezee hiyo mausi mbali.”

Saa tisa kamili iksi ilipata rangi. Mama Mihuri aliibonyeza, na dirisha likafungwa bila kuuliza swali. Kibao cha mbao kilikuwa wazi tangu saa mbili asubuhi. Waraka wa Mkuu ulikuwa umetekelezwa pande zote mbili, kitu ambacho hakikuwahi kuutokea waraka mwingine wa ofisi ile.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, pamoja na mfumo wa makao makuu. Mfumo una Ghairi kila ukurasa, na hufungwa hata ukiukoholea karibu. Mashine mbili za chumba cha mwisho wa korido zilichukuliwa, na viti vibovu vikapata nafasi. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa katika ofisi hii ndiye mtumishi pekee aliyeonekana kutekeleza waraka kwa ukamilifu, anathibitishwa katika ajira ya kudumu, kwa cheo cha Msimamizi wa Madirisha. Kazi yake: kuhakikisha madirisha yote yanafunguliwa saa mbili asubuhi na hayafungwi kabla ya saa tisa alasiri.

Aliipeleka nyumbani. Mwalimu aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na kalamu ikashuka yenyewe hadi kwenye karatasi.

“Madirisha gani?”

“Ya mbao,” alisema Dirisha. “Safari hii niliuliza.”

Mwalimu alifunika kalamu. Hakuchukua insha.

Jumatatu msimamizi alianza kazi. Alipaka mafuta kwenye njia za vibao vinne, akabadilisha kamba ya namba moja, akapima kama namba nne inateremka sawa pande zote. Ilipofika saa saba, foleni ya namba tatu ilikuwa imekwisha. Mama Mihuri alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anamtazama.

“Nikanywe chai, mwanangu, au ndiyo mpaka tisa?”

Dirisha alitazama saa ya ukutani, kisha mabenchi matupu. Akashika kibao, akakishusha polepole mpaka kikabakiza upana wa kidole kufika mezani, akakiachia hapo.

“Na waraka?” aliuliza Mama Mihuri.

“Waraka unasema lisifungwe,” alisema. “Mimi nimelirudishia tu.”